Mashine Imekufa, Diski Bado Inadai

Mama mweka hazina alishuka kwenye bodaboda mbele ya ofisi ninayofanyia kazi pale Kayanga, mkononi ana bahasha ya kaki iliyolowa pembeni. Alikuwa ametoka upande wa Nkwenda, wilayani Kyerwa, na mvua ya mwezi wa tano ilimkuta njiani. Nilimwamkia, akaitika, chai akaikataa. Alitoa taarifa ya benki ya kikundi chao, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akakishusha kwenye mwingine unaofanana nao, kisha mwingine.

“Mwanangu, ile mashine ya mtandaoni si uliniambia umeshaifuta?”

“Niliifuta, mama. Mwaka jana mwezi wa tatu, mradi ulipokwisha tu.”

“Sasa hii dola thelathini na moja wanayokata kila mwezi ni ya nini? Nimehesabu miezi kumi na minne. Wanachama wakiniuliza niwaambie nini?”

Sikuwa na cha kumjibu. Kikundi chao ni cha wakulima wa kahawa, na mimi ndiye niliyewasaidia kuweka daftari la wanachama mtandaoni. Kazi yangu ni uandishi, lakini huku kwetu mtu akijulikana kwamba anajua kompyuta kidogo, ataitwa tu. Fedha za mfadhili zilipokwisha nilihamishia orodha kwenye kompyuta ya ofisi yao, nikaingia kwenye akaunti ya wingu, nikachagua mashine zote mbili, nikabonyeza kufuta. Skrini ikaniambia kazi imekamilika. Nikaamini.

Siku ile, mama akiwa amekaa pembeni yangu, nilifungua akaunti upya. Orodha ya mashine ilikuwa tupu kama nilivyoiacha. Nikafungua ukurasa mwingine, wa diski, ambao sikuwahi kuufungua tangu siku ya kwanza. Diski tatu zilikuwa zimekaa pale, kila moja na ukubwa wake, hazijaunganishwa na mashine yoyote. Dola 31 mara miezi 14 ni dola 434. Kwa dola ya shilingi 2,500, hiyo ni shilingi 1,085,000, fedha ambazo zingewanunulia wanachama wengi maturubai ya kuanikia kahawa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza wenzangu wa TEHAMA, wa Kayanga hadi Bukoba, kama yamewahi kuwakuta. Wachache walinijibu hapana. Wengi walinyamaza kidogo, kisha wakaniomba niwaonyeshe huo ukurasa wa diski uko wapi.

Mashine pepe ni kompyuta unayoikodi ndani ya kompyuta kubwa ya mtu mwingine. Huishiki wala huioni. Unaifikia kwa intaneti na unailipia kwa muda inaokuwa imewaka. Ukiiagiza, unapewa kwa pamoja uwezo wa kufanya kazi, yaani prosesa na memori, na mahali pa kutunzia, yaani diski. Kwenye skrini yako vyote vinaonekana mwili mmoja. Kwenye daftari la mwenye kompyuta hiyo, yaani kampuni ya wingu, ni vitu viwili vyenye bei mbili, na kimoja kinaweza kufa kingine kikaishi. Aliyekodi fremu ya duka pale Omurushaka, na stoo nyuma yake kwa mkataba wa pili, atanielewa haraka. Unaweza kurudisha ufunguo wa fremu, ukawaaga majirani na kuondoka, huku kodi ya stoo ikiendelea kuhesabiwa kwa sababu mkataba wake hukuuvunja.

Makampuni makubwa matatu ya biashara ya wingu hayafanani katika jambo hili, na wengi huteleza hapo. Kwenye Azure ya Microsoft, kwa miaka mingi ukifuta mashine diski zake zote zilibaki, ile yenye mfumo endeshi na zile za data, pamoja na anwani yake ya intaneti. Siku hizi unaweza kuagiza diski iondoke na mashine, lakini ni wewe wa kuhakikisha kwamba umeagiza hivyo. Kwa Amazon, diski inayowasha mashine hufutwa nayo kwa kawaida, ila zile za ziada ulizoiongezea hubaki. Google nao hufanya karibu hivyo hivyo. Kwa hiyo fundi aliyezoea nyumba moja akihamia nyingine huenda na mazoea yake, na mazoea hayo yana gharama.

Nimejiuliza kama makampuni yanafanya hivyo kwa tamaa. Sidhani. Mashine pepe ni kitu cha kuundwa na kuvunjwa kila siku. Data ikipotea hairudi. Mtu akifuta mashine kwa bahati mbaya saa nane usiku, atashukuru kukuta diski yake ingali hai asubuhi. Lawama yangu iko kwenye skrini. Ile inayosema kazi imekamilika ingeweza kuongeza sentensi moja tu, kwamba diski tatu zimebaki na zitakugharimu kiasi fulani kwa mwezi, na ingeweza kuisema kwa Kiswahili, lugha ambayo mama mweka hazina anaisoma bila msaada wangu. Hao hao huandika ankara zao kwa ufasaha mkubwa.

Bei ikitajwa kwa gigabaiti moja haimtishi mtu. Amazon, kwenye vituo vyao vya Virginia Kaskazini, hutoza senti 8 za dola kwa gigabaiti kwa mwezi kwa diski yao ya kawaida, ile inayoitwa gp3. Zidisha: diski ya GB 500 ni dola 40 kwa mwezi, dola 480 kwa mwaka. Tena hesabu hufuata ukubwa ulioagiza, si kiasi ulichoweka ndani. Ukiagiza GB 500 ukatumia 20, unalipia 500. Mwenye stoo naye hahesabu magunia. Hata ukiacha vumbi ndani, kodi ni ile ile.

Watu wa Kagera tunalijua deni la butura, pale mkulima anapouza kahawa ikiwa bado mbichi mtini kwa bei ya kutupa kwa sababu ada ya shule haisubiri mavuno. Serikali imelipiga marufuku kwa sababu linamla mtu kabla hajavuna. Deni hili la diski huja kwa upande wa pili. Mavuno yameshaingia, mradi umeshafungwa, picha za kuagana zimepigwa, na bado kuna mtu anakata.

Labda msomaji wa Dar es Salaam atauliza wakulima wa Karagwe na Kyerwa wana shughuli gani na seva za mbali namna hiyo. Shughuli ipo, na inakua. Kwa miaka mingi Kagera ilitegemea umeme wa kutoka Uganda, na kila aliyewahi kuweka seva ofisini huku anajua umeme unavyoweza kuiua kwa mkupuo mmoja. Wingu liliondoa adha hiyo. Kisha ikaja kahawa yenyewe. Umoja wa Ulaya ulipitisha Kanuni Na. 1115 ya mwaka 2023, inayotaka kahawa iingiayo kwao ithibitishwe kwamba haikulimwa kwenye ardhi iliyokatwa misitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Maana yake kila shamba liwe na alama zake za GPS. Kwa shamba lisilozidi hekta 4 nukta moja inatosha, na vibanja vyetu vingi, kahawa ikiwa chini ya migomba, havifiki huko. Utekelezaji wa kanuni umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini nukta za maelfu ya vibanja haziwezi kukusanywa kwa wiki moja ya mwisho, kwa hiyo kazi inabidi ianze mapema.

Nukta hizo haziendi peke yake. Zinaandamana na jina la mkulima, namba yake ya simu, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), idadi ya mibuni, na mara nyingi picha yake akiwa amesimama mlangoni kwake. Zote zinaingia kwenye diski iliyoko Cape Town, Johannesburg au Ireland. Amazon walifungua vituo vyao vya Cape Town mwaka 2020, Microsoft walikuwa wameshatangulia Afrika Kusini mwaka 2019, na Google wakafika Johannesburg mwaka 2024. Neno wingu linatudanganya kidogo hapa. Ni majengo yenye ulinzi, mitambo ya kupoza na safu za vyuma. Kyerwa huchimbwa bati, na karibu nusu ya bati linalosafishwa duniani hutumika kutengeneza ile risasi ambayo fundi redio huiyeyusha kuunganisha vipuri, hiyo hiyo inayoshikilia chipu kwenye bodi za kompyuta. Huenda punje ya ardhi yetu imo ndani ya diski tunazozikodi.

Turudi kwa mama. Alipoelewa kwamba fedha zimekuwa zikilipia vitu visivyofanya kazi, aliniambia nivifute vyote saa ile ile, naye akiona kwa macho yake. Nilimwomba tusubiri. Halikunipendeza ombi langu mwenyewe, maana kila siku ya kusubiri ilikuwa ni karibu dola moja ya wanachama. Lakini nilikuwa nimeshafuta mara moja bila kutazama.

Kuna kisa ninachokikumbuka kila ninapotaka kubonyeza kitufe hicho. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi mmoja wa kampuni ya GitLab, akiwa amechoka usiku, alifuta data kwenye seva isiyo yenyewe. Alipoligundua kosa na kukatisha, zilikuwa zimebaki GB 4.5 kati ya GB 300 hivi. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi nakala, na hakuna hata moja iliyofanya kazi ipasavyo. Kilichowaokoa ni snapshoti, yaani nakala ya diski ilivyokuwa kwa wakati fulani, ambayo mtu alikuwa ameichukua kwa mkono saa 6 kabla kwa ajili ya majaribio mengine kabisa. Wakaeleza kosa lao hadharani, hatua kwa hatua, na nawaheshimu kwa hilo. Kitu kilichoonekana ni mabaki ndicho kilichobeba kampuni.

Kwa hiyo tulizifungua moja moja. Diski isiyo na mashine haisomeki hivi hivi. Niliwasha mashine ndogo ya senti chache kwa saa, nikaiunganisha na diski ya kwanza. Ndani kulikuwa na mfumo endeshi tu, hakuna cha kuhifadhi. Ya pili ilikuwa na hifadhidata ya wanachama, ile ile niliyokuwa nimeihamishia ofisini. Nilipofungua ya tatu nilisikia baridi mgongoni. Zilikuwemo picha za wakulima, picha za vitambulisho vyao, na nukta za vibanja vya kata mbili ambazo sikuwa nimezihamisha. Nilipohamisha orodha mwaka jana niliamini kila kitu kiko kwenye diski ya pili.

“Hivi ndivyo vile vijana walipima wakati wa jua kali?” mama aliuliza.

“Ndivyo, mama.”

“Na tungefuta?”

“Vingepotea. Tungewarudia wakulima nyumba kwa nyumba.”

Alikaa kimya kwa muda. Mimi nilikuwa nawaza la pili, ambalo sikumwambia palepale. Kwa miezi 14 picha za vitambulisho vya watu walionifungulia milango yao zilikuwa zimelala kwenye akaunti ambayo neno lake la siri lilijulikana na watu wanne, wawili wao wakiwa wameshaacha kazi ya mradi na kuhama mkoa.

Watetezi wa wingu watasema diski hizo zimesimbwa, yaani data zake zimefichwa kwa msimbo, na ni kweli. Makampuni hayo makubwa yana usimbaji wa diski, na kwa Microsoft na Google hufanyika bila hata wewe kuomba, hivi kwamba mwizi akibeba chuma chenyewe kutoka kwenye jengo hatasoma kitu. Lakini usimbaji huo haumzuii mtu mwenye ruhusa ya akaunti. Akiingia kwa neno la siri sahihi atawasha mashine ndogo, ataunganisha diski, na atasoma kila kitu kama nilivyosoma mimi. Jina, simu, kitambulisho, kiasi cha kahawa ulichopeleka chamani. Mtanzania yeyote aliyewahi kupokea ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” anajua orodha ya namna hiyo ikiangukia mikononi mwa matapeli itafanya kazi gani, hasa msimu wa malipo, mkulima anapotarajia kweli simu ya chama.

Wakubwa kuliko sisi wameumizwa na mabaki ya aina hii. Benki ya Morgan Stanley ya Marekani ilipofunga vituo vyake viwili vya data mwaka 2016, kazi ya kuondoa vifaa ilipewa kampuni ya kuhamisha mizigo isiyo na ujuzi wa kufuta data. Diski zikauzwa mnadani mtandaoni zikiwa na taarifa za wateja. Mwaka uliofuata mtaalamu mmoja wa kompyuta wa Oklahoma aliyenunua baadhi yake aliwaandikia benki kuwaambia anachokiona ndani. Msimamizi wa mabenki aliwatoza faini ya dola milioni 60 mwaka 2020, na mamlaka ya masoko ya mitaji ikaongeza dola milioni 35 mwaka 2022. Upande wa wingu lenyewe, mwaka 2012 watafiti wa kampuni ya Context ya Uingereza walikodi mashine pepe kwa makampuni manne. Kwa mawili kati yao walikuta kwenye diski mpya waliyopewa vipande vya data za wateja waliopita, ambavyo havikusafishwa kabla ya kupangishwa upya. Rackspace, mojawapo ya mawili hayo, walishirikiana nao kurekebisha. Siku hizi makampuni makubwa husafisha diski kabla ya kumpa mteja mwingine. Hata hivyo hawawezi kusafisha usichokifuta. Diski uliyoisahau kwao ni diski unayoitaka, na wataitunza kwa uaminifu wote.

Sheria yetu nayo imeshasema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi linalojulikana na zisihifadhiwe kupita muda wa kusudi hilo. Mradi ukifungwa, kusudi limefungwa. Nimesoma sheria hiyo zaidi ya mara moja na sikuona mahali inapomsamehe mtu kwa sababu alidhani kufuta mashine ni kufuta kila kitu.

Basi tulifanyaje? Tulinakili yaliyomo kwenye diski ya tatu, tukayaweka kwenye diski mbili za kushika mkononi zilizofungwa kwa neno la siri. Moja iliingia kwenye kabati la chuma la kikundi, ufunguo ukabaki kwa mwenyekiti. Nyingine tuliitunza mahali pengine, maana nyumba ikiungua huungua na kabati. Tulifungua nakala zote mbili kwenye kompyuta tofauti tukathibitisha picha zinafunguka na nukta zinaangukia kwenye vibanja vyenyewe. Mzee mwenyekiti alitaka kuona cha kwake kwenye ramani, akakiona, akasema, “Ego, waitu,” yaani ndiyo. Tulibadilisha neno la siri na kuondoa majina ya waliokwishaondoka. Tukasubiri wiki moja ili yeyote mwenye dai alitoe. Kisha tukazifuta, ya kwanza, ya pili, ya tatu, mama akisoma ukubwa wa kila moja kwa sauti nami nikibonyeza. Ulikuwepo pia ukurasa wa snapshoti. Zilikuwa mbili, nazo zilikuwa zinatozwa fedha kidogo kidogo. Tukaziondoa.

Kwa anayetaka kufanya hivyo hivyo, maneno ya kutafuta kwenye skrini ni machache. Kwenye Amazon, diski isiyo na mashine huandikwa “available”, kwa maana kwamba iko huru. Kwenye Azure huandikwa “unattached”, haijaunganishwa. Kwenye Google, safu ya mtumiaji wa diski huwa tupu. Ukikuta dalili kama hiyo usifute papo hapo, kwa sababu kuna diski zinazoachwa huru kwa makusudi. Microsoft wenyewe wametoa programu fupi ya kutafuta diski hizo, na wanashauri uiendeshe kwanza ikiwa imezuiwa kufuta, ikuletee orodha tu, uisome, uulize watu, ndipo uiruhusu. Na kama huna uhakika lakini bili inauma, njia ya katikati ipo. Chukua snapshoti, ifute diski. Kwenye vituo vyao vya Virginia Kaskazini, Amazon hutoza senti 5 kwa gigabaiti ya snapshoti kwa mwezi, tena kwa kilichomo tu, na ukiihamishia kwenye ghala lao la kumbukumbu za muda mrefu inashuka hadi senti 1.25, kwa sharti kwamba ikae huko angalau siku 90. Ila iandike mahali. Snapshoti iliyosahauliwa ni yale yale.

Ninachokiamini zaidi, hata hivyo, ni cha siku ya kuagiza na si cha siku ya kufuta. Kwenye vibanja vyetu mpaka huwekwa kwa mlamula, ule mti mwembamba wenye majani marefu ambao jina lake lenyewe linatokana na kuamua. Unapandwa mapema, mashahidi wapo, wazee wanaona. Ugomvi ukija miaka 30 baadaye, hakuna haja ya kubishana sana. Mlamula upo pale umesimama. Diski inahitaji mlamula wake. Makampuni yote matatu yanaruhusu kubandika lebo kwenye kila diski, bure. Andika mradi, jina la cheo cha mwenye dhamana, tarehe ambayo diski hiyo inapaswa kuisha, na kama ina taarifa za watu ndani au haina. Diski zangu tatu hazikuwa na hata lebo moja. Zilikuwa na majina ya herufi na namba yaliyotungwa na kompyuta, na ndiyo maana ilibidi tuzifungue moja moja kama maiti zisizojulikana.

Weka pia kikomo cha matumizi kitakachotuma barua pepe fedha zikipita kiasi, na barua hiyo isiende kwa fundi peke yake. Iende kwa mweka hazina. Kwa kikundi chetu, aliyegundua tatizo hakuwa mtu wa kompyuta. Alikuwa mama anayesoma taarifa ya benki mstari kwa mstari kwa sababu fedha si zake.

Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012. Halmashauri ikigawanyika, watu hukaa chini wakagawana magari, meza, mafaili, na madeni pia. Kila kitu huorodheshwa na kusainiwa. Miradi inayokuja kwetu na kuondoka nayo ina fomu za makabidhiano, nimezisaini kadhaa. Zina mistari ya pikipiki, kompyuta mpakato, printa, hadi viti vya plastiki. Sijawahi kuona mstari wa diski za wingu, wala wa akaunti iliyozifungua, wala wa kadi ya benki inayozilipia. Wafadhili, vyama vya ushirika kuanzia vya msingi (AMCOS) hadi chama kikuu, KDCU, hospitali, shule na halmashauri zetu mbili wangeweza kuuongeza mstari huo kesho. Hauhitaji bajeti. Unahitaji mtu mmoja aulize, kabla ya kusaini, diski ziko ngapi na zina nini.

Na wenye kufundisha vijana kompyuta, tafadhali, mkiwafundisha kuwasha mashine pepe, msiishie hapo. Somo la kufuta lifundishwe siku ile ile, kwa vitendo, mwanafunzi afungue ukurasa wa diski na aone kwa macho yake kilichobaki. Mimi nilijifunza kwa fedha za wakulima wa kahawa, nami ninawarudishia kidogo kidogo. Mama alikataa mara mbili. Mara ya tatu alipokea, akaandika stakabadhi.

Mwezi uliofuata alinipigia simu kutoka benki. Mstari wa dola 31 haukuwepo. Wewe unayesoma hapa, kama kuna akaunti ya wingu uliyoifungua kwa ajili ya mradi, chama, shule au hospitali, na mashine zake umeshazifuta, ingia leo kabla mwezi haujaisha. Usiishie kwenye orodha ya mashine. Fungua ukurasa wa diski.